Juu ya Nyimbo za Wazee katika Bendi za Vijana

Mtu akaaye Rusimbi hana haja ya kuuliza kama Jumamosi imefika. Jua likianza kushuka upande wa Kongo, juu ya milima ile ionekanayo ng'ambo ya ziwa, vipaza sauti hufunguliwa katika nyua za arusi, na muziki hupita juu ya mapaa hata usiku wa manane. Hatukuja kulaumu kelele, ingawa twakiri kwamba kusahihisha madaftari katikati ya kelele ile ni kazi itakayo saburi. Tulilokusudia kusema ni jingine. Katika nyimbo zile zipigwazo, nyingine si ngeni masikioni mwetu. Ni nyimbo za bibi zetu, za kubembeleza watoto, za kutwanga, za kuvuta nyavu, za arusi na za matanga, nazo sasa zimevikwa gitaa na kinanda cha umeme na ngoma zipigwazo na mashine. Wazee huzisikia wakakunja uso. Vijana huzisikia wakacheza. Na katikati tumo sisi wa miaka thelathini na kitu, tuliozisikia kwanza kwa bibi, tukazicheza baadaye katika kumbi, wala hatujui tukunje uso au tunyanyue mguu.

Basi swali letu ni hili: je, ni haki bendi ya leo kuchukua wimbo wa kale, ikaubadili mwendo na ala na hata maneno, kisha ikausimamisha mbele ya watu kama kitu chake? Zamani tulidhani kwamba jibu ni jepesi, tena tulikuwa na desturi ya kulitoa mbele ya wanafunzi kwa sauti ya mwenye kujua. Lakini mwaka uliopita tulianguka wenyewe katika kosa la jambo hili hili, na tangu hapo tumekuwa wapole zaidi. Habari ya kosa lile tutaieleza mahali pake. Kwanza yafaa tuwasikilize wanaobishana.

Wazee wetu husema kwamba wimbo ni kama kaburi, haufukuliwi. Uimbwe kama ulivyoimbwa, au unyamaziwe. Neno hili lina uzito, nasi hatuthubutu kulicheka. Walakini ukimwomba mzee yule yule wa Ujiji akueleze ngoma za zamani alizohadithiwa na baba yake, hakawii kukutajia beni. Na beni ni nini? Ilianza pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wa kule waliona bendi za askari na za manowari, na tarumbeta zao na nguo zao na jinsi walivyopanga safu, wakapendezwa, wakaiga, wakachanganya uigaji ule na mashindano ya ngoma ya mitaa yao. Wakajigawa vyama, Marini na Arinoti, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Askari na makarani wakaichukua bara, hasa katika vita vya 1914 hata 1918 na miaka iliyofuata, ikaenea katika miji ya reli na kuvuka hata Kongo. Wazee wa siku zile waliikunjia uso. Wakubwa wa serikali waliishuku, na wamisioni wengi waliichukia, kila mmoja kwa sababu yake. Leo wajukuu wa vijana wale huitaja beni kwa huzuni, kama mali ya jadi iliyopotea! Twaona basi kwamba jadi ambayo mzee wetu hataki iguswe, siku ya kuzaliwa kwake ilikuwa bendi ya vijana.

Wala si beni peke yake. Bendi kubwa za dansi za Dar es Salaam, ambazo sasa nazo huitwa za kale, hazikuona haya kwenda kuazima katika ngoma. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, nalo ni jina la ngoma ya Wazaramo. Wapinzani wao, waliotokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964, walijulikana kwa jina la Msondo, nalo ni jina la ngoma ya kuwafunda wasichana. Majina yale hayakuwa pambo tu, maana watu walipocheza waliitambua miguu ya nyumbani kwao ndani ya muziki wa magitaa. Na yule Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 akaja kuwa sauti ya wanyonge wa Tanzania hata kufa kwake mwaka 2010, alitoka katika nchi ile ile ya Manyema walikotoka mababu wa watu wengi wa Ujiji. Ng'ambo ya ziwa na huku hazikupata kutengana kwa muziki. Rumba ya Kongo ilisikika kwetu kabla barabara ya lami haijatufikia.

Kanisani nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wamisioni wa kwanza walipoikataza ngoma walidhani wameikataza milele. Mwaka 1966 Mtanzania Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka kwa lahani ya kienyeji, Mfurahini Haleluya, na wimbo ule umetafsiriwa na kuimbwa katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Hatuna la kuongeza hapo, ila kwamba lahani iliyoonekana haifai kuingia mlangoni imekwisha kuvuka bahari.

Hata hivyo mzee mwenye akili atatujibu hivi: "Sawa, mambo hubadilika. Lakini kitu kikibadilishwa mno, je, ni kile kile?" Hili ni swali la wenye hekima tangu zamani, na sisi watu wa Kigoma twalo jibu lake majini. Meli iitwayo Liemba iliundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku kwa bahari na kwa reli, ikaungwa tena Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa chombo cha vita. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokimbia. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, kwa jina jingine, ikachukua abiria na mizigo na samaki. Miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa ikatiwa ya dizeli. Jina limebadilika, mwenyewe amebadilika, moyo wake wa chuma umebadilika, na kazi yake imebadilika. Lakini mwulize mtu yeyote wa mwambao huu, atakuambia kwamba ni meli ile ile. Kwa nini? Kwa sababu habari yake haikukatika. Kila alipobadilisha mmoja, mwingine alijua kilichokuwapo kabla, akasimulia. Twadhani wimbo nao ndivyo ulivyo. Gitaa si neno. Kinanda si neno. Yaliyo neno twayatafuta bado.

Sasa tuwageukie vijana. Hoja yao ni fupi, nayo twaisikia kila tuzungumzapo nao: wimbo wa kale hauna mwenyewe. Hakuna ajuaye aliyeutunga, kwa hiyo ni wa watu wote, na cha watu wote aweza kukichukua yeyote. Maneno haya yana sura ya haki. Sisi wenyewe tuliyasema mara nyingi. Hebu tuone yanavyofanya kazi duniani.

Huko Marekani uko wimbo wa kale uitwao The House of the Rising Sun, wa mtu aliyeharibikiwa na maisha katika mji wa New Orleans. Mtunzi wake hajulikani. Mwaka 1937 Alan Lomax, aliyekuwa akizunguka vijijini kukusanya nyimbo, alimkuta katika mji wa Middlesboro, Kentucky, msichana wa miaka 16, Georgia Turner, binti wa mchimba makaa, akamwimbia wimbo ule, naye akaunasa kwa mashine yake. Ukatiwa kitabuni, ukaimbwa na huyu na yule, hata mwaka 1964 bendi ya vijana wa Uingereza, The Animals, ikaupiga kwa gitaa la umeme na kinanda, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani pia. Nao walikuwa watu watano. Lakini kwenye santuri, kwa kuwa wimbo ni wa kale, liliandikwa jina la mpangaji tu, tena la mmoja wao, mpiga kinanda Alan Price, na fedha za upangaji zikaenda kwake. Wenziwe walinung'unika miaka mingi. Tazama basi mwujiza wa kitu kisicho na mwenyewe! Kilikuwa cha watu wote mpaka kilipoanza kuleta fedha, na siku ile ile kikapata mwenyewe mmoja. Na Georgia Turner, ambaye kinywani mwake kilichotwa, hakuwamo katika hesabu ya wale walionung'unika.

Karibu na kwetu zaidi, mtu akisafiri kwa mashua kutoka Kibirizi kuelekea kaskazini, akapita Gombe na Kagunga, aingia nchi ya Burundi, ambako ngoma kuu za kifalme zimepigwa vizazi na vizazi. Mwaka 2014 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, sauti zake zilinaswa na Wafaransa, zikatolewa katika santuri kwa ajili ya wapenda elimu. Mwaka 1971 ikatoka Ufaransa santuri nyingine, Burundi Black, ambayo ilichukua ngoma zile zile na kuzibandika piano na gitaa juu yake, ikauzwa madukani. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia chini ya wimbo wake mmoja, na kufika mwaka 1980 na 1981 bendi za vijana wa London zilikuwa zikiiga mwendo ule, zikipata sifa kwa upya wake. Hatusemi kwamba muziki wao ulikuwa mbaya. Mwingine wavutia kweli. Twauliza tu: walikuwa nani wale wanaume waliosimama juani siku ile, wakapiga hata jasho likawatiririka, na mashine ikazunguka mbele yao? Hatupati majina yao juu ya kazi zile zilizouzwa. Lililotajwa ni jina la nchi, na jina la nchi halili wala halivai.

Mtu asidhani kwamba mambo haya hayawezi kufanywa kwa njia njema. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, ambaye asili ya upande wa mama yake ni huku kwetu Kigoma, alitoa pamoja na Rayvanny wimbo wa Salome, nao ulijengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Saida mwenyewe ni mwana wa Bukoba, aliyeichukua ngoma ya Kihaya akaitia katika kaseti, nchi nzima ikaiimba hata wasiojua Kihaya hata neno. Yaani, yeye naye alikuwa bendi ya vijana kwa wazee wake. Wimbo wa Salome ulipotoka, wanafunzi wetu, ambao wengine hawakuwa wamezaliwa Saida alipovuma, walitujia wakiuliza wa kwanza aliimbaje, na jina la Saida Karoli likarudi vinywani mwa watu. Mtu aweza kupenda au kuchukia namna ulivyochezwa (sisi tulipendelea ule wa kwanza, na wanafunzi wakatucheka), lakini uzi haukukatwa.

Basi tumefika mahali pa kosa letu.

Tulikuwa na kundi la wanafunzi wa kuimba, na mashindano ya shule yalikuwa karibu. Tulitaka wimbo wa Kiha, wenye asili ya ziwa, tena usiojulikana na shule nyingine. Yuko bibi mmoja jirani yetu, mchuuzi wa dagaa, ambaye kila alfajiri hushuka mwaloni kuwapokea wavuvi, na jua likipanda huwageuza dagaa mchangani huku akiimba peke yake. Tulikuwa tumeusikia wimbo wake mara nyingi. Ulikuwa na mistari minne, ukienda na kurudi kama maji. Tukamwendea, tukamwambia, "Shikamoo Bibi, tunaomba tuichukue sauti yako kidogo katika simu hii kwa ajili ya watoto." Akacheka, akajifuta mikono, akaimba. Tukamshukuru, tukaenda zetu, tukijiona tumefanya kila jambo kwa adabu. Tulikuwa tumeomba ruhusa, au sivyo?

Kijana mmoja apigaye kinanda katika bendi ya arusi alikubali kutusaidia. Aliusikiliza wimbo, akautia mwendo wa haraka, ukawa mzuri ajabu. Watoto waliupenda mara moja. Ila palikuwa na mashaka katika mstari wa tatu. Hapo palikuwa na jina la mtu, jina la Kiha refu la silabi sita, na mwendo wa kinanda ulikuwa na nafasi ya silabi nne. Tulijaribu kulibana, likakataa. Kijana akasema, "Mwalimu, jina hili linavunja mdundo." Tukafikiri kidogo, wala hatukufikiri sana, kwa kuwa siku zilikuwa zimebaki chache. Tukaliondoa jina, tukaweka "ziwa letu". Silabi nne barabara! Tena tuliona tumefanya vizuri zaidi, maana sasa wimbo ulikuwa na fundisho la kuupenda urithi wa nchi, na waamuzi hupenda fundisho. Tukaupa wimbo jina hilo hilo, Ziwa Letu. Na karatasi ya mashindano ilipouliza mtunzi, tukaandika jina letu wenyewe, kwa sababu palikuwa na mstari mtupu uliotaka kujazwa, na kwa sababu, tukisema kweli, tulitamani.

Tukashika nafasi ya pili. Tukapewa mpira na cheti.

Baada ya wiki chache wimbo ule ulipigwa arusini hapa Rusimbi. Kijana wa kinanda aliuona una faida, akauingiza katika kazi yake. Siku ya pili yake bibi yule alikuja mlangoni kwetu. Hakuja kwa hasira. Angalikuja kwa hasira, ingalikuwa rahisi kwetu. Aliketi, akakubali chai, akasema kwamba kinanda kilikuwa kizuri, ila kingepigwa polepole zaidi. Kisha akauliza kwa nini tumemtoa mume wake.

Ndipo tulipojua. Jina lile la silabi sita lilikuwa la mume wake, mvuvi, aliyetoka usiku mmoja na karabai pamoja na wenziwe, upepo wa kusini ukainuka, na asubuhi ikarudi mitumbwi mingine. Mwili haukuonekana. Mtu asiye na kaburi, watu wake humlilia wapi? Bibi humlilia katika mstari wa tatu. Akatuambia maneno ambayo hatutayasahau: "Mwalimu, mmemwondoa aliyezama, mkamweka aliyemzamisha."

Hatukuwa na la kujibu. Tulilia? Hilo halimhusu msomaji. Lakini tulipopata tena sauti tulimwuliza jambo ambalo tulipaswa kumwuliza mwaloni siku ile ya kwanza, yaani wimbo ule ulikuwa wa nini, na yeye aliupata wapi. Akasema aliupata kwa shangazi yake. Je, shangazi yake aliimba jina lile lile? Hapana, kwa shangazi lilikuwa jina la ndugu yake mwanamume, na kabla ya shangazi lilikuwa jina jingine ambalo bibi halijui. Siku yeye alipofiwa, aliliondoa jina la yule wa shangazi, akamweka wake. Tukashika neno hilo kama azamaye ashikavyo ubao, tukasema, "Kumbe hata wewe Bibi uliubadili! Shangazi hakukasirika?" Akatutazama kama tuwatazamavyo watoto wa darasa la kwanza. Akasema, "Angekasirikaje? Yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kumweka."

Tangu siku ile tumelizungusha neno hili moyoni. Ikiwa mzee asemaye wimbo usiguswe ni mkweli, basi bibi ana kosa sawa na letu, maana naye aliugusa, tena mahali pale pale. Ikiwa kijana asemaye wimbo ni wa kila mtu ni mkweli, basi sisi hatuna kosa lolote, maana tulifanya kama bibi alivyofanya, tukatoa jina na kuweka neno tulilolitaka. Lakini hakuna aliyekuwapo katika chumba kile, wala sisi wenyewe, ambaye hakuona kwamba yale matendo mawili hayafanani hata kidogo. Bibi alibadilisha maneno, akakiacha kitu. Sisi tuliacha karibu maneno yote, tukakiondoa kitu. Wimbo ule ulikuwa nyumba yenye chumba kimoja cha wageni, na kila mwenye nyumba humlaza humo maiti wake. Sisi tulikifanya ghala ya mapambo. Mwendo wa haraka haukutuhukumu, wala kinanda. Kilichotuhukumu ni kwamba hatukujua chumba kile ni cha nini, na tulipoona kinatubana hatukuuliza.

Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa ile hoja ya vijana. Kusema wimbo hauna mtunzi si kusema wimbo hauna mtu. Mtunzi wa ule wa Kentucky alikuwa amepotea tangu zamani, hata yule msichana asingaliweza kumtaja. Lakini msichana mwenyewe alikuwapo, ana jina, ana nyumba, na aliuimba kwa sababu fulani. Bibi wetu hakuutunga wimbo wake. Hakudai hata siku moja kwamba ni wake. Alidai mume wake.

Labda msomaji atauliza: je, basi tuombe ruhusa kila mara, na asipokuwapo wa kuombwa tunyamaze? Hatudhani hivyo. Ruhusa tuliipata, na haikutufaa kitu, kwa kuwa tuliomba sauti tu. Tena ziko nyimbo ambazo mwenye kuzijua ndiye azitoaye nje kwa hiari yake, nasi hatuna ruhusa ya kuwa wakali kuliko yeye. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwalimu wa unyago, mambo ya wanawake yasiyochezwa hadharani, naye aliipandisha ngoma ile jukwaani mbele ya wageni, wanaume kwa wanawake, katika nchi nyingi. Wako waliomlaumu. Lakini yeye alijua chumba kile ni cha nini kuliko wote waliomlaumu, na alijua alichokitoa na alichokibakiza ndani. Mtu wa namna hiyo akibadilisha, anabadilisha kama shangazi.

Serikali nayo imeliangalia neno hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu yake ihusuyo sanaa za jadi, ili mtu asizitumie kwa biashara nje ya mazoea yake kama apendavyo. Ni jambo jema. Walakini sheria yaweza kumwuliza mpiga kinanda kama ana kibali. Haiwezi kumwambia kwamba silabi sita ni mtu.

Kuna ugumu mmoja ambao hatujaumaliza, nasi twauacha wazi mbele ya walimu wenzetu, labda mmoja ataandika kutujibu. Wimbo ule sasa umo katika simu za vijana wengi, na huko waitwa Ziwa Letu. Tulipomwendea kijana wa kinanda tukamweleza habari yote, alihuzunika kweli, kwa maana si kijana mbaya. Lakini alituuliza: akilirudisha jina la mume wa bibi, watu wa arusini watacheza juu ya jina la maiti wa mtu wasiyemjua, na akiliacha lilivyo, wanalisifu ziwa. Lipi bora? Tulimjibu kwamba asiupige tena. Akasema, "Mwalimu, nikiacha mimi, atapiga mwingine aliyeupata kwangu, na huyo hatajua hata haya ninayoyajua mimi." Tulinyamaza. Baadaye bibi mwenyewe, tulipomfikishia maneno yale, alisema apunguze mwendo, na mstari wa tatu asiimbe kitu, apige kinanda tu, na mwenye wake amtaje moyoni. Kijana alijaribu, akasema nafasi ile tupu yawashangaza wachezaji, husimama kidogo wakamtazama kama amekosea. Mara nyingine huipiga hivyo, mara nyingine husahau.

Kuhusu cheti: kimetundikwa ofisini, katika fremu ya mbao, na jina letu limo juu yake kwa wino mweusi. Tulitaka kulikata. Mkuu wetu wa shule alikataa, akasema cheti chenye mhuri hakiandikwi wala hakifutwi, na twaona ana haki yake katika hilo. Basi tukakata kipande cha karatasi ya daftari, tukaandika kwamba wimbo umetoka kwa bibi fulani wa Rusimbi, aliyeupata kwa shangazi yake, tukakibandika chini ya fremu. Bibi alikuja kukiona. Hajui kusoma, kwa hiyo akamwita mtoto mmoja wa darasa la tatu amsomee. Alipokwisha kusikia alisema jina lake si la lazima, bora tuandike la mumewe. Tukamwambia karatasi imejaa. Mtoto yule, bila kuulizwa, akachukua kalamu, akaliandika jina lile katika ubao wa fremu wenyewe, kwa herufi kubwa zisizo sawa, na lilipomshinda nafasi akaiteremsha silabi ya mwisho chini. Karatasi yetu imekwisha kuanza kubanduka kwa unyevu. La ubaoni lingali lasomeka.